Ng'ombe wa Miguu Mitano na Mwendo wa Kinyonga

Sogeeni, wajukuu. Na wewe unayetafuna hindi, litafune kimya.

Zamani Kinyonga alikuwa na mbio za upepo. Ngozi yake ilikuwa ya rangi moja tu, ya majivu, na macho yake yote mawili yalielekea mbele. Alipita vijijini kabla ya umande kukauka, akaona kila kitu, asitazame hata kimoja.

Katika kijiji kimoja aliishi Nyamizi. Mwaka wa njaa, maziwa ya ng'ombe wake yaliwalea watoto wa majirani wote, mpaka ng'ombe mwenyewe akafa amekauka. Nyamizi akachukua udongo mwekundu, chokaa na masizi ya chungu, akamchora ukutani mwa nyumba yake ili asisahauliwe.

Kinyonga akapita mbio. "Mama Nyamizi! Miguu mitano! Huyo ni ng'ombe au jongoo?"

Kabla Nyamizi hajainua kichwa, maneno yalikwishafika kisimani. Watu wakaja, wakahesabu miguu kwa vidole, wakacheka. Watu wazima na ndevu zao! Wana wao wamepona kwa maziwa yale, nao wamesimama pale wanahesabu miguu! Mbuzi naye akaulamba ukuta. "Chumvi si haba," akasema, "ila picha yenyewe, mh!"

Kesho yake Nyamizi alikwenda kutafuta kuni. Huku nyuma majirani wakakanda udongo, wakaanza kuusiriba ukuta, eti wanamsitiri aibu. Aibu gani, na ya nani? Kinyonga ndiye aliyetangulia kupaka, maana alikuwa mwepesi.

Nyamizi aliporudi, aliutupa mzigo wa kuni, akamkamata Kinyonga mkia.

"Unapita hapa kila asubuhi. Umeona nini?"

"Miguu mitano, mama."

"Sikukuuliza hesabu! Tembea mbele ya ng'ombe. Polepole! Inua mguu anapoinua yeye."

Kinyonga akainua mguu, akasita, akarudi nyuma kidogo, akaenda tena. Hapo akaona. Miwili kati ya ile miguu mitatu ya mbele kumbe ilikuwa mguu mmoja, hapa uko hewani, pale umekwisha kutua. Ng'ombe alikuwa anatembea! Tena shingo ameigeuza, anatazama nyuma, kule kulikokwisha kusiribwa.

"Mama," Kinyonga akauliza, "anamtazama nani?"

"Iulize mikono yako."

Mikono ilikuwa na tope. Chini ya tope lile, pale ukutani, alikuwako ndama aliyechorwa.

Kinyonga akakwangua, udongo ukabanduka pamoja na rangi zake. Akaulalia ukuta kwa tumbo, akilia, ashike hata kile kilichobaki.

Na tangu siku hiyo Kinyonga hukanyaga kwa kusitasita, jicho moja mbele, jingine nyuma likimtafuta ndama, na ngozi yake hushika rangi ya kila anachokikaribia. Mbuzi alirithi kulamba kuta, na hadi leo hajapata humo zaidi ya chumvi. Sisi tulirithi mwiko: ukuta wenye mchoro hausiribwi mpaka kwanza watu wasimame mbele yake kimya. Na wale waliohesabu miguu? Nao waliacha wajukuu. Ndio hao wanaopita mbele ya kazi ya mtu, na kabla hawajasimama wanauliza, "Sasa hii nini?"