Namba ya Mama Mkwe

Kuna familia zinazojulikana kwa jina la ukoo, nyingine kwa nyumba yao, na nyingine, tusifichane, kwa ugomvi wao. Familia ya mzee seremala ilijulikana kwa namba ya simu. Duka kubwa la mtaani kwao lilipoanza kutoa kadi za pointi, mke wa seremala alijaza fomu akaandika namba yake, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyelipia hata kiberiti bila kuitaja. Mjukuu angeulizwa jina la babu wa babu yake angejikuna kichwa. Angeulizwa namba ya bibi angeitiririsha kama maji. Kila mwisho wa mwaka pointi zile ziligeuzwa kuwa kitu cha nyumba. Mwaka mmoja ilipatikana pasi, mwaka mwingine feni, na mwaka uliopita jiko la gesi la meko manne, ambalo mama alilipangusa kila asubuhi hata siku ambazo halikupikiwa.

Kitinda mimba wa familia hiyo, fundi bomba, alioa binti aliyekuwa keshia katika duka hilohilo. Wakwe walimpa jina la Bi Keshia, naye akalipokea kwa kicheko. Alikuwa mwepesi wa mkono na mkunjufu wa uso, na foleni yake ilikwenda upesi kuliko zote. Pamoja na hayo, baada ya miaka mitatu ya ndoa, bado hakujua kama wakwe zake wanamhesabu kuwa mtu wao. Wifi yake mkubwa, mwalimu mkuu aliyenyooka kama rula, hakukosa neno. "Mke wa mdogo wangu ni mgeni mwenye ufunguo," alipenda kusema, kisha akacheka peke yake. Bi Keshia aliendelea kumimina chai.

Basi siku moja meneja mpya, aliyekuwa na mwezi mmoja tu dukani hapo, alimwita ofisini. Meneja huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi zikimwambia jambo aliziamini kuliko macho yake.

"Namba hii unaifahamu?" aliuliza.

"Ni ya mama mkwe wangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini na minane, bosi."

Meneja alivaa miwani. "Mwezi uliopita, mama wa miaka sitini na minane alinunua raba za mpira wa miguu namba kumi na moja, mabonge kumi na manane ya uzi wa sufu, makopo tisa ya biskuti za siagi, kuku wanne waliokwisha kuokwa na pakiti mbili za rangi ya nywele. Siku moja alilipa kaunta ya pili na kaunta ya tano, dakika tatu zikipishana. Ana mabawa?"

Bi Keshia alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Nimeuliza makeshia wenzako," meneja aliendelea. "Wote wanaijua namba hii kwa moyo. Wote! Nilikotoka nimeuona mchezo huu. Mteja hana kadi, keshia anaingiza namba ya shangazi yake, pointi zinakwenda kwa shangazi. Huo ni wizi."

"Bosi, tunaitumia familia nzima. Ndiyo maana wanaijua, tunaitaja kila siku."

"Vizuri. Niambie basi nani alinunua nini."

Alimsogezea karatasi tatu. Bi Keshia alizisoma mstari kwa mstari. Sabuni na unga alivijua, kwa kuwa vilipita kaunta yake. Hivi vingine vilipita kwa wenzake. Uzi wa sufu? Shemeji yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye vidole vigumu kama patasi. Biskuti? Baba mkwe alikatazwa sukari na daktari. Kuku wa Jumapili mumewe aliwaoka kwa mikono yake, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa ili asisumbuliwe. Na rangi ya nywele, nani wa kupaka? Kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe aliingiwa na shaka kwamba huenda kweli kuna mtu anaiba.

"Sijui," alisema.

"Kesho saa kumi jioni barua yangu inakwenda makao makuu," meneja alisema. "Ukiwa na maelezo, niletee kabla ya hapo. Ukikosa, kazi huna, na popote utakapoomba kazi ya kaunta watajua kwa nini."

Jioni hiyo familia ilikusanyika sebuleni kwa mzee seremala. Bi Keshia alieleza yote, akazitoa zile karatasi. Zilipita mkono kwa mkono kama kaa la moto, kila aliyezishika akitaka kumpa mwenzake haraka. Baba mkwe alivua miwani akadai maandishi ni madogo mno. Shemeji alikohoa, akaenda kuchungulia dirishani ambako hakukuwa na kitu. Mumewe, ambaye siku zote alikuwa upande wake, alisema huenda mashine zimeharibika, kisha akainama na kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Wifi aliisoma karatasi ya pili, akaikunja mara mbili na kurekebisha kilemba chake. "Mimi ninachonunua pale ni sabuni na karatasi za shule," alisema. "Hayo mengine, mwenye kazi yake dukani ndiye ajue."

Maneno hayo yalimchoma Bi Keshia kuliko yote ya meneja. Alisimama akaenda jikoni, akafungua bomba, na kulia huku maji yakipiga kelele ili wasimsikie. Hakulilia mshahara. Alililia ile sebule iliyojaa watu, asipatikane hata mmoja wa kusema, huyu si mwizi.

Mama mkwe alimfuata, akafunga bomba. "Maji ya bure hayo?" alisema, kisha akamfuta machozi kwa upindo wa khanga. "Kesho nakwenda mwenyewe. Namba si yangu? Basi."

Na kweli alikwenda, saa nne asubuhi, amevaa viatu vyake vya harusini. Aliketi mbele ya meneja na kupiga moyo konde.

"Vitu vyote ni vyangu," alisema. "Mkwe wangu hana kosa."

"Hata hizi raba za mpira?"

"Zangu."

"Namba kumi na moja, mama?"

"Zinanibana kidogo."

Bi Keshia, aliyesimama mlangoni, aliinamisha uso. Meneja alijikaza asicheke. "Na hawa kuku waliookwa tayari? Kila Jumapili, saa tano."

Mama aliinuka kitini. "Kuku waliookwa wa nani?" aliuliza kwa mshangao. "Kuku wa Jumapili anaoka mwanangu!"

Basi uongo wake wa huruma ukafia hapo. Meneja alitoa kwenye faili ile fomu ya zamani, akamwonyesha. Penye mstari wa majina ya wanafamilia watakaoitumia kadi, mama alikuwa ameandika neno moja tu kwa herufi kubwa: WOTE.

"Kadi ya familia inaruhusiwa, mama," meneja alisema kwa upole. "Shida yangu ni hii. Wote ndio nani? Ungeweza kuwa mtaa mzima."

Mama mkwe alitoka nje, akaketi kwenye benchi kando ya vigari vya wateja, akatoa simu. Alipiga mara nne, na kila aliyepokea aliambiwa maneno yaleyale.

"Sitaki maelezo, nataka watu. Mtoto wa watu anaitwa mwizi kwa sababu ya siri zenu. Saa tisa muwe hapa dukani. Asiyekuja, asiitaje tena namba yangu maisha yake yote."

Saa tisa ilipogonga Bi Keshia alikuwa amesimama kwenye meza ya huduma kwa wateja. Ofisi ilikuwa ndogo, hivyo meneja aliamua mambo yaishie hapo mezani, mbele ya foleni ya watu. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Mama mkwe aliukodolea macho mlango bila kupepesa.

Wa kwanza alikuwa baba mkwe. Aliingia na fimbo yake, unga wa mbao ukiwa bado kwenye nyusi. "Biskuti ni zangu," alitangaza kabla ya kusalimia. "Makopo tisa. Naficha kwenye sanduku la misumari."

"Ulikuwa ukiniambia unakohoa kwa vumbi la mbao!" mkewe alifoka.

"Nilikuwa nikipaliwa. Ukitaka kunitukana nitukane nyumbani. Hapa nimekuja kwa ajili ya binti yangu."

Binti yangu! Bi Keshia alilisikia neno hilo likimshuka hadi miguuni.

Baada yake aliingia shemeji, mkubwa kama mlango wa ghala, amekumbatia mfuko wa karatasi. Aliinua mguu wake juu ya ngazi ya kupandia rafu ili meneja aione raba, namba kumi na moja kamili. Kisha akasita. Watu kwenye foleni walikuwa wakitazama, na miongoni mwao vijana wawili waliomletea mageti ya kuchomelea.

"Na uzi?" meneja aliuliza. "Tarehe kumi na nne ulinunuliwa uzi. Rangi gani?"

"Bluu ya anga, mabonge sita," shemeji alisema. "Nilitaka saba, yakaisha, nikachukua moja la kijivu." Alimimina mfuko mezani. Zilitoka soksi za watoto wachanga, ndogo kama vidole gumba, zimefumwa bila kasoro. "Nafuma. Nazipeleka wodi ya wazazi, kwa watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Wangu alizaliwa hivyo, na miguu yake ilikuwa ya baridi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa vijana wale alishika soksi moja, akaigeuzageuza, akasema, "Fundi, kazi safi hii."

Mume wa Bi Keshia alifika akihema, spana mfukoni. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akaona bora kufa mara moja. "Kuku nanunua hapa," alisema. "Sijawahi kuoka kuku. Namwingiza jikoni kupitia dirishani, nafunga mlango, naimba nusu saa."

Foleni nzima ilipasuka kwa kicheko, na Bi Keshia naye akacheka huku machozi yakimtoka, kwa maana Jumapili iliyopita alikuwa amewaita majirani waje wajifunze kwa mumewe.

Meneja alikuwa akiweka alama kwenye karatasi, moja baada ya moja. Kalamu yake ikasimama. "Imebaki rangi ya nywele. Pakiti mbili, mwezi huu na mwezi ule, tangu kumbukumbu zinapoanzia. Hii ni ya nani?"

Ndipo Bi Keshia alipomwona wifi yake. Alikuwa ameingia bila mtu kumwona, amesimama karibu na mlango, mkono kwenye kilemba. Katika foleni walikuwamo wazazi wawili wa shule yake, waliozoea kumsifu kwamba umri haumpati. Wifi aliwatazama hao wazazi. Alimtazama Bi Keshia. Kisha akatembea katikati ya duka kwa mwendo wake uleule wa gwaride la asubuhi, akafika mezani, akakifungua kilemba chote. Mvi zilikuwa zimeota kidole kizima kutoka kwenye ngozi, nyeupe pe, na kuelekea kwenye ncha ule weusi wa pakiti.

"Zangu," alisema kwa sauti ya darasani. "Andika."

Meneja aliandika.

"Jana niliuona mstari wangu kwenye karatasi," wifi alimgeukia Bi Keshia, na rula ile ikapinda. "Niliziogopea mvi zangu kuliko nilivyoliogopea jina lako. Nimekukosea, wifi yangu. Nisamehe." Kisha akamwelekea meneja. "Umeuliza wote ndio nani. Wote ndio hawa. Na huyu keshia wako ni mmoja wetu, anza kwa kuandika jina lake."

Barua ya makao makuu meneja aliichana vipande vinne mbele ya watu wote. "Nilikuhukumu kwa karatasi," alimwambia Bi Keshia. "Samahani sana, dada." Alijaza fomu mpya kwa mkono wake, jina baada ya jina, na mama mkwe akasimamia mpaka nukta ya mwisho. Miezi miwili baadaye, meneja alipohitaji mtu wa kuwasimamia makeshia wote watano, hakwenda mbali kumtafuta.

Lakini siku hiyo Bi Keshia hakuyajua ya mbele. Alichojua ni kwamba foleni imekuwa ndefu, akarudi kaunta yake, akavuta kiti, na wateja wakampigia makofi. Wa kwanza kujipanga mbele yake alikuwa wifi, kichwa wazi, kopo la chai mkononi. Nyuma yake alisimama yule fundi bomba na kuku mbichi, akiuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anayejua kuoka. Bi Keshia aliingiza namba ile bila kuambiwa.

Mama alikwenda peke yake na mapenzi yake yote, akatoa moshi mtupu. Walipokuja wote, kila mmoja na kipande chake cha aibu, haki ya yule binti iliwaka hata aliyekuwa mbali akaiona. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.