Kovu la Msusi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hutufunza kuwa taabu huijua aliyemo ndani yake. Hata hivyo, wapo wasomi wanaodhani vitabu vyao ni godoro la kutosha.

Alikuwepo msusi hodari aliyesuka vichwa vya mtaa mzima huku utosi wake ukinyonyoka. Ngozi iliwaka, vitundu vya nywele vikaziba kwa kovu, pakabaki peupe paking'aa kama kisahani. Madaktari watatu walimwambia aache kusuka nywele zake. Aliacha, na upara ukazidi kutanuka. Dawa za upara wa wanaume zilijaa madukani, lakini hakuna aliyekuwa na haraka ya kuutafutia dawa ugonjwa huu wa wanawake weusi. Jambo hilo lilimkera mno. Hospitali ilipoanza kutafiti dawa mpya ya kupaka, alijiandikisha wa kwanza, ili aokoe nywele zilizobaki.

Mwezi wa sita wa majaribio, daktari mkuu wa utafiti aliwakusanya wanawake wote.

"Vipimo vinaonyesha kovu tupu. Dawa haisaidii, tunafunga utafiti wiki ijayo. Poleni, akina mama. Ni nywele tu."

Msusi alisimama.

"Daktari, vile vipande vya ngozi vya kupima ulivikata wapi?"

"Utosini, penye upara. Ndipo ugonjwa ulipo."

"Ulipokuwa. Pale pameshakufa. Moto uko pembeni, nywele zinapoanzia, na tangu nipake dawa yako pamepoa. Siku ile ya kwanza ya kukata nilikwambia ukate pembeni, ukanijibu, 'Tulia mama, niache nifanye kazi.'"

Wanawake waliguna. Mmoja alivua kilemba, mwingine wigi, kila mmoja akaweka kidole pembeni mwa kovu lake. Daktari alisogea, akatazama kidole kimoja baada ya kingine.

"Sikuuliza, wala sikusikiliza," alisema.

Vipimo vilirudiwa, safari hii kutoka pembeni. Waliopakwa dawa, moto ulikuwa umetulia. Waliopewa mafuta matupu yasiyo na dawa, ili walinganishwe, bado uliwaka. Utafiti uliendelea, na nywele za msusi zilizosalia zikapona.

Ripoti ilipotoka, ilianza hivi: "Watafiti wamegundua." Msusi alichukua kalamu, akakata neno la pili, akaandika juu yake: "wameambiwa". Akairudisha mezani kwa daktari bila hata kuketi.

Anayetaka kuwajua kunguni amuulize anayejikuna, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.