Jina la Binti wa Rubani

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yangu si ya sungura na fisi, ni ya juzijuzi tu, palikuwa na rubani wa helikopta aitwaye Lusajo. Kazi yake ilikuwa kuchoma pori. Mnashangaa nini? Pori la akiba huchomwa kiangazi kinapoanza, nyasi zikiwa bado na ubichi na moto ukiwa mpole, ili ule moto mkali wa mwezi wa tisa ukija ukose cha kula.

Basi siku hiyo Lusajo alikuwa angani, na nyuma yake ameketi Shija, mwangushaji wa moto. Shija alikuwa na sanduku la vitufe vidogo. Kila kikianguka chini, huwaka. Mara injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Shija alijua wakianguka na sanduku lile ndani, watakuwa mishikaki. Akafungua mkanda wake, akalisukuma sanduku nje, na helikopta ikajibwaga nyasini, puu! Shija akavunjika mkono. Lusajo akanasa kitini, miguu imebanwa. Na sanduku, jamani, lilikuwa limeangukia upande upepo unakotoka. Nyasi zikashika, moto ukawa unawajia.

Askari wa pori, Maganga, alikuwa barabarani, amewekwa kuzuia moto usivuke kwenda kambini kwao. Aliambiwa asibanduke. Akabanduka. Akakimbia, akakata mkanda wa Lusajo kwa panga, akamvuta, akambeba mgongoni, Shija akifuata. Lakini waende wapi? Mbele nyasi, nyuma moto. Maganga, mtu mzima na ndevu zake, akalia: "Mama yangu, tumekwisha!"

Ndipo wakasikia sauti ya mwanamke: "Njooni huku! Huku kumeshaungua!"

Alikuwa Nyamizi, mrina asali. Warina asali wa kule wana desturi yao: kabla pori halijachomwa, huchoma wenyewe nyasi kuzunguka mti wenye mizinga. Imekatazwa, lakini huchoma. Siku tatu nyuma Maganga huyuhuyu alimkuta Nyamizi akichoma, akamfokea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Leo akakimbilia palepale. Wakajilaza majivuni, moto ukapita pembeni. Wazima! Wakacheka, wakalia, wakakumbatiana, masizi mpaka kwenye meno.

Wiki hiyohiyo Tumpe, mke wa Lusajo, akajifungua binti. Lusajo akasema: "Aliyeniokoa ndiye atakayempa mtoto jina." Maskini, alidhani amesema jambo jepesi.

Shija, mkono umefungwa, akasema: "Bila mimi mngemwokoa nani? Mngezoa majivu. Aitwe jina la mama yangu."

Maganga akaruka: "Moto wenyewe uliuwasha wewe! Mimi niliuingia kwa miguu yangu. Kambi imeungua na nguo zangu zote, hii suruali nimeazima. Aitwe jina la mama yangu mimi."

"Kambi imeungua kwa sababu uliacha lindo!" Shija akamrudishia.

Nyamizi akaguna. "Mh! Mmoja kaleta moto, mwingine kabeba mtu hajui anampeleka wapi. Mwenye pa kumpeleka nilikuwa mimi. Aitwe Nyamizi."

"Lakini mama," Maganga akasema, "hukuchoma kwa ajili ya Lusajo. Ulichoma kwa ajili ya nyuki."

"Na ungefanikiwa kunizuia, baba, leo ungekuwa wapi?"

Maganga akajikuna kichwa.

Tumpe, mtoto kifuani, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Bishaneni, baba zangu. Bishana, mama. Siku ile ya moto nilijua mnakuja kuniuliza tumzike wapi mume wangu."

Wote wakamgeukia Lusajo. Lusajo akamtazama binti yake, akafungua mdomo, akaufunga.

Haya, nami nawageukia ninyi. Msiniambie wote watatu, mtoto ni mmoja na jina ni moja. Je, nani alistahili kumpa?