Mbwa Waliopikiwa na Mama Mkwe

Sogeeni, wajukuu zangu. Nikisema "Kale!" nyinyi mseme "Tupeleke!" Kale! Sikusikia, hamjala nini? Kale! Haya, twende basi mpaka zama zile fisi alipokuwa bado anaomba samahani kabla ya kuiba.

Zama hizo palikuwa na kijana mwindaji, jina lake Mihayo, na mbwa wake wawili, Kimbelembele na Mwenzangu. Wakiua mnyama porini, Mihayo aliwakatia fungu lao pale pale, nyama mbichi na mifupa mibichi, akawawekea juu ya majani kabla yeye mwenyewe hajalamba hata kidole. Wakala, wakakimbia. Wakala, wakakimbia. Hakuna swala aliyewacheka.

Mihayo akampenda Nyamizi. Usicheke, Shija, na wewe utapenda, na sisi tutakucheka. Baba yake Nyamizi, Mzee Sizya, akasema, "Njoo ukae kwangu, uwinde nikuone. Uniletee pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, kabla ya mvua za kwanza. Zikinyesha huna pofu, rudi kwenu."

Rahisi, sivyo? Ngojeni. Pale nyumbani alikuwapo mke wa mzee, Bibi Kalekwa, na Bibi Kalekwa alikuwa mpishi. "Kwangu hakiliwi kibichi," ndiyo kauli yake. "Mbwa akionja damu, kesho atakula kuku, keshokutwa atanila mimi." Na desturi ilisema mnyama wa mchumba afike kwa wakwe mzima, hata mkia usipungue. Basi fungu la mbwa nalo likapita chunguni. Asubuhi mbwa wakapewa uji wa mtama kwa karanga. Jioni wakapewa nyama iliyochemshwa mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa na miguu. Wakanenepa, wakawa kama vibuyu. Sungura akipita mbele yao, wanamtazama tu, anakwenda zake.

Mihayo awalishe mwenyewe? Thubutu! Mgeni akilisha mbwa wake ugenini, ametangaza kwamba mji ule una njaa. Amwambie mama mkwe, basi? Thubutu tena! Zama zile mtu hakutazamana na mama mkwe wake wala hakusema naye. Wakitazamana wakasemezana, ndoa imekufa. Akiwa na neno, humwambia mbwa wake, na mama, aliyeko upande wa pili wa uzio, hukiambia kinu chake jibu.

"Mbwa wangu," Mihayo akaanza kwa adabu, "hivi babu yako naye alikunywa uji?"

"Kinu changu," sauti ikatoka ng'ambo ya uzio, "mwambie mbwa babu yake hakubahatika kuuonja mkono wangu."

"Mbwa wangu, shukuru. Lakini mbona siku hizi ukikimbia unahema?"

"Kinu changu, masikini, anahema kwa njaa. Nitamwongeza."

Akamwongeza!

Mawingu yakaanza kujikusanya. Nyamizi akamkuta Mihayo kisimani, machozi yakimtoka. "Mihayo, mwambie mama wazi!" Mihayo akamjibu, "Nimwambie kwa mdomo upi, Nyamizi? Nikinyamaza nakukosa. Nikisema nakukosa." Nawahurumia mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Mchana mmoja Bibi Kalekwa akawatupia mbwa mfupa wa mbuzi uliochemka tangu alfajiri. Kimbelembele akaudaka wa kwanza, kama kawaida yake. Kaa! Mfupa ukavunjika, kipande kikamkwama kooni. Mbwa akagaragara, macho yamemtoka. Bibi Kalekwa akatupa mwiko, akauzunguka uzio mbio. Mihayo naye mbio. Wakakutana kwenye mdomo wa mbwa.

"Mama, mshike taya!"

"Nimemshika, mwanangu! Tia mkono! Si hapo, ndani zaidi!"

"Hatulii!"

"Atatuliaje nawe umemkalia mkia?"

Mfupa ukatoka. Kimbelembele akakohoa, akapumua, akawalamba wote wawili usoni. Ndipo wakainua macho, wakatazamana.

Lo! Ndoa imekufa. Mihayo akajifunika uso kwa mikono. Bibi Kalekwa akasimama, akajipangusa vumbi, akarudi zake ng'ambo ya uzio polepole. Kisha sauti ikasikika:

"Kinu changu, wewe umekaa hapo muda wote. Umeona mtu?" Akangoja kidogo. "Hata mimi sikuona. Nimeona mbwa tu."

Mihayo akamwinamia Kimbelembele. "Mbwa wangu, nani aliyekushika taya? Aa, ni upepo."

"Kinu changu, muulize mbwa ni mfupa gani usiomkaba."

"Mbwa wangu, sema kweli. Ule mbichi wenye nyama yake uliutafuna miaka yote salama. Huu uliopikwa hukauka, ukavunjika vipande vyenye ncha."

Ng'ambo ya uzio Bibi Kalekwa akaokota mwiko wake.

"Kinu changu, muda wote huu huyo mbwa alikuwa na ulimi wa nini? Mwambie ale kibichi chake huko huko porini. Mume wangu akiuliza, nitamjibu mimi."

Basi mbwa wakarudi kwenye majani yao. Wakala, wakakimbia. Wakala, wakakimbia. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya mgongo wa pofu, naye tayari amelazwa uani kwa Mzee Sizya. Mzee akamzunguka, akakunja uso.

"Na mguu mmoja uko wapi?"

Bibi Kalekwa akageuka. "Kinu changu, mwambie mume wangu mguu wameula wenye kazi."

"Kalekwa! Mimi ni mumeo, sema nami!"

"Kinu changu, mwambie basi aache maswali, tuna harusi."

Wajukuu zangu, heshima ni kitu kizuri, lakini ukiitumia kuficha neno la kweli, itamkaba asiye na kosa. Kisa changu nimekitafuna hadi mwisho. Nyama nimekula mimi, mfupa nawaachia nyinyi, na sikuupika.