Maduara Mawili ya Majivu

Wapendwa, kaeni. Leo sitaanza na wimbo, maana nimechoka, na anayetaka kujua nimechoshwa na nani atajua kabla sijashuka mimbarini.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, anafundisha kidato cha kwanza habari za seti. Seti ni nini? Ni kundi lenye mpaka unaojulikana: ukiulizwa kama kitu fulani kimo au hakimo, unajibu bila kubabaika. Ubaoni hawakumwelewa. Akawatoa nje, akachukua majivu jikoni, akachora maduara mawili uwanjani. Akayaweka mbali mbali, moja huku, jingine kule, ili watoto wasisukumane.

"Waimbaji, duara hili! Wacheza netiboli, lile! Asiyeimba wala kucheza abaki nje!"

Wakakimbilia. Binti mmoja akabaki katikati ya uwanja.

"Na wewe, mbona unazubaa?"

"Mwalimu, mimi naimba, na netiboli nacheza."

"Ingia popote!"

Akaenda kwa waimbaji. Wakamwambia, "Wewe si wa netiboli? Nenda kwa wenzako." Akaenda kwa wachezaji. "Aa, wewe ni wa kwaya." Jamani! Na ndiye aliyekuwa akiwafungia magoli hawa, akiwaanzishia nyimbo wale! Mwalimu jua limemchoma, subira imemwisha. "Basi baki nje, usinipotezee kipindi!" Kisha akatangaza: "Mnaona? Wanaoimba na kucheza pia, hakuna hata mmoja. Hiyo ndiyo seti tupu. Walio ndani ya maduara, kanyweni uji. Walio nje, fagieni majivu."

Binti akashika ufagio. Hakulia. Aliuliza tu, "Mwalimu, uji wangu uko duara lipi?"

Mwalimu akayatazama maduara yake, ndipo akaona. Angeyachora yakaingiliana, pangekuwa na sehemu iliyo ya huku na ya kule kwa pamoja, na binti angekuwa na pa kusimama. Seti haikuwa tupu. Aliyekuwemo ndiye aliyepewa ufagio.

Sasa nawauliza, mtoto yule alikosa nini? Anayetumika mara mbili, mbona anahesabiwa pamoja na wasiotumika kabisa? Mnatikisa vichwa, mnamsikitikia. Msinitikisie vichwa!

Mama Elinaike anaimba kwaya kuu. Ni wa Umoja wa Wanawake pia. Amelazwa, hii ni wiki ya pili. Nikawauliza wanakwaya, wakajibu: "Mchungaji, tulijua akina mama wamekwenda." Nikawauliza akina mama, wakasema: "Mchungaji, si ana kwaya yake?" Loo! Jana nimemkuta anakunywa uji wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Akaniuliza, "Mchungaji, kwani nimefutwa kote kote?" Swali hilo nimekuja nalo kwenu.

Sisi maduara tunayajua sana. Tuna sare zake, tuna viongozi wake, tuna vikao visivyoisha. Ila mwenzetu akiwa wa huku na kule, kila upande unanawa mikono.

Msigeuke kumtafuta, hayupo. Baada ya baraka, kwaya hakuna mazoezi, akina mama hakuna kikao. Saa sita hospitali wanaruhusu wanaoleta chakula. Mimi nitasimama langoni mwa kanisa na chupa yangu ya uji, nimwone atakayepita moja kwa moja kwenda nyumbani akidhani wenzake wamekwenda.