Kiti cha Kizunguzungu

Babu mzaa baba wa binti mmoja alikuwa seremala, mwana wa seremala, mjukuu wa seremala. Watu waadilifu ambao neno lao lilitosha kuwa hati. Katika karakana yao hakikutoka kitanda ambacho fundi mwenyewe hajakilalia. Binti huyo alisoma hadi akawa mhandisi, akaunda kiti kinachozungushwa na mota, ili madaktari wapime jinsi mwanadamu anavyohisi mwendo na kuudhibiti mwili wake usianguke.

Alikijaribu kwa gunia la mchanga lenye uzito wa mtu. Kiti kilizunguka kama pia, kikasimama papo hapo. Akajiona amefika.

Mtu wa kwanza kuketi alikuwa shangazi yake, ambaye tangu augue sikio alikuwa akiyumba kama mlevi, hata sokoni haendi. Alifungwa mikanda na kitambaa cha macho. Kiti kilianza taratibu mno hata akauliza wanangoja nini, kumbe tayari anazungushwa. Daktari aliyesimamia kipimo akacheka. Kisha mhandisi akabonyeza breki.

Shangazi alipiga yowe. Kiti kilikuwa kimetulia tuli, lakini yeye alihisi anavurumishwa upande wa pili. Alipofunguliwa, jasho likimtiririka, aliapa kutokikalia tena. Heri ayumbe kwake hadi kufa. Daktari alimnong'oneza mhandisi kwamba bila kipimo hakuna tiba.

"Gunia halikulalamika," mhandisi akajitetea.

"Gunia lina masikio, mwanangu?" shangazi akauliza. "Wewe mwenyewe umekikalia?"

Uso ulimsawijika. Alijifunga mikanda, akaomba breki ileile. Aliposhuka alipepesuka, akamkumbatia daktari kama nguzo.

"Haya, sasa tuko wawili," shangazi akasema.

Alasiri nzima mhandisi aliilegeza breki, akiketi kila aliporekebisha, hata kiti kikawa kinatulia kama mtoto anayepitiwa na usingizi. Shangazi alipomwona anashuka wima, aliketi bila kubembelezwa. Kipimo kilionyesha kwamba sikio moja limedhoofu kwa ndani, na dawa yake ni mazoezi. Wote wakashusha pumzi. Haikupita muda mrefu shangazi akaenda sokoni peke yake, akarudi akijigamba kwamba kilichoanguka huko ni bei tu.

Basi vijana, tegeni masikio na mshike neno hili: kabla hujamkalisha mwenzio, kalia wewe. Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.