Kapu la Vidomo vya Manjano

Wapendwa, sisi wa huku milimani kwenye baridi, bahari wengi wetu tumeiona kwenye kalenda ya ukutani. Mzee Ngailo, usicheke. Wewe hata bwawa la samaki uliingia mara moja tu, ukatoka na kiatu kimoja. Lakini asubuhi hii nawashusha baharini wote, chini kabisa, na makoti yenu. Nifuateni polepole.

Palikuwa na bwana mmoja katika mji wa pwani, mwenye duka la vifaa vya kupiga mbizi. Alikuwa wakala. Kampuni inayotengeneza vifaa hivyo, huko ng'ambo, ilimwamini yeye katika mji mzima, ikamletea mzigo kwa makubaliano: ampimie kila mteja uso kwa uso, auze seti kamili, asipunguze kitu.

Lilikuwa duka zuri ajabu. Kuta za samawati, feni inazunguka taratibu, mapezi ya miguuni yamening'inia kama majani ya mgomba. Na miwani ya kuzamia, ndugu zangu, haichaguliwi kwa rangi. Unaibandika usoni bila kufunga mkanda, unavuta pumzi kwa pua. Ikijishika yenyewe, hiyo ni yako. Basi ukiingia mle siku yenye wateja wengi, unakuta watu wazima wamesimama kimya, miwani imewaganda usoni, mikono imelegea, kila mmoja anatazama mbali. Ungedhani wanaota ndoto moja huku wamesimama. Mimi ningelipenda sana duka lile.

Karibu na mlango palikuwa na mtungi wa hewa wa maonyesho, unang'aa kuliko yote. Kila aliyeingia aliruhusiwa kuonja hewa yake, pumzi mbili tatu, ajue ladha ya kupumua chini ya maji. Watu walionja, wakatoka wanatabasamu bila sababu.

Sasa sikilizeni hapa. Kwenye seti kamili, mtungi hutoa mipira miwili ya hewa. Mmoja mfupi, mweusi, una kidomo unachokiuma kwa meno. Huo ni wako. Wa pili ni mrefu, wa manjano, nao una kidomo chake. Huo huutumii. Unaning'inia kwapani tu, rangi yake inaonekana toka mbali.

Akaja mteja mmoja, mtu wa haraka, akaushika ule wa manjano.

"Bwana, huu wa pili wa nini? Mimi nina mdomo mmoja."

"Ni wa mwenzako, akiishiwa hewa huko chini."

"Kwani mwenzangu hana mtungi wake? Nibebe na shida zake? Toa huo, unanisumbua tu."

Mwenye duka akasita. Lakini kampuni iko ng'ambo, na mteja yuko mbele yake, tena amekunja uso. Akachukua spana, akaufungua mpira wa manjano, tundu lake kwenye mtungi akaliziba kwa bolti, akaikaza vizuri. Mteja akajitazama kwenye kioo, akajiona mwepesi, akaondoka anapiga mluzi.

Habari zikatembea mjini. Nendeni kwa yule, hana masharti! Ikafika mahali bwana yule anautoa mpira wa manjano kabla hata hajaombwa. Akaja mama mmoja mtulivu. Huyu alifundishwa kupiga mbizi na marehemu baba yake, zamani za vifaa vyenye mpira mmoja, na sasa alitaka kurudi majini. Akauliza, "Baba, hapa palipo na bolti pana nini?"

"Ziada tu, mama. Haikuhusu."

Mama akaamini. Kwa nini asiamini? Si mwenye duka ndiye anayejua?

Mkewe, aliyekuwa akifagia, akamwambia, "Baba watoto, hivi vya manjano vimejaa kapu zima. Tuvifanyeje?"

"Viache hapo. Havina mwenyewe."

Likumbukeni neno hilo. Havina mwenyewe.

Kila mwaka duka lile lilikuwa na siku ya wateja. Wote wanapanda boti ya injini, wanakwenda kuzama pamoja, wamevaa vifaa vya duka lile, ili wanaotazama wavitamani. Asubuhi hiyo bwana akataka apendeze kuliko wote. Akaubeba upi? Ule mtungi wa mlangoni, unaong'aa.

"Umeujaza huo?" mkewe akauliza.

"Mtungi wa duka langu ukose hewa? Mama watoto, nawe!"

Wakashuka. Ah, wapendwa, huko chini! Natamani ningewapeleka kweli. Mwanga unakuja kutoka juu umekatwakatwa vipande, unacheza juu ya mchanga. Samaki wanapita karibu bila kukuogopa, kama watu wanaokwenda sokoni. Hakuna redio wala anayekuita. Unasikia pumzi yako tu, inaingia, inatoka, na mapovu yanapanda. Mwili hauna uzito. Ni kama ile ndoto ya utotoni, unaruka juu ya nyumba za kijiji chenu wala hushangai. Bwana yule akaelea katikati ya wateja wake, akawatazama walivyopendeza, moyo ukamjaa furaha. Kipimo cha hewa hakukikumbuka.

Akavuta pumzi, ikaja kwa shida. Akavuta tena, ngumu. Ya tatu haikuja.

Mji mzima ulikuwa umeionja hewa ile pale mlangoni, pumzi mbili, pumzi tatu, na yeye hakuwa ameirudisha.

Akamwogelea aliye karibu, yule mtu wa mdomo mmoja. Akapitisha mkono shingoni, ndiyo ishara yao ya kusema nimeishiwa. Akampapasa kwapani, unapokaa ule wa manjano. Haupo. Vidole vyake vikapanda mpaka kwenye mtungi, vikagusa bolti, aliyoikaza mwenyewe. Yule mtu akamtumbulia macho, akarudi nyuma. Akamwendea mwingine, bolti. Mwingine tena, bolti. Watu wote wale wamebeba hewa mgongoni, na mwenye duka anakufa katikati yao!

Akafika kwa yule mama. Naye bolti. Lakini mama akavuta pumzi moja ndefu, akakitoa kidomo kinywani mwake mwenyewe, akamtia bwana yule mdomoni. Akamwacha apumue, akakichukua, akapumua yeye, akamrudishia. Ndivyo baba yake alivyomfundisha. Wakashikana mikanda, wakapanda taratibu, pumzi kwa zamu, mpaka jua likawapiga usoni.

Wakiwa wameshika ukingo wa boti, wanahema, mama akamuuliza, "Baba, pale penye bolti palikuwa na nini hasa?"

Bwana yule akalia. Akasema, "Palikuwa na hewa yangu, mama."

Wapendwa, sisi je? Imani tuliipokea seti kamili, na ndani yake mna sehemu isiyotuhusu sisi, ya mwenzetu tu. Nasi tumeiona inatusumbua. Tumetoa sahani ya mgeni, tumetoa saa ya kukaa na mfiwa, tumetoa lile jina la jirani katika sala zetu, tumebaki na "nilinde mimi na wanangu." Tumekuwa wepesi, tunapendeza kwenye kioo. Na sisi wa mimbarini tusijifiche, maana spana tunayo. Muumini akikunja uso tu, tunafungua.

Kabla hatujaimba, mtazame uliyekaa naye. Usimpe mkono kwanza, mtazame. Chini ya maji mtu hapigi kelele, na kwenye mabenchi haya pia watu huishiwa wakiwa kimya, wamevaa nguo za Jumapili. Ukimkuta ameishiwa, mpe, hata kama ni kukitoa kidomo kinywani mwako. Maana siku moja utaishiwa wewe, na mkono wako utampapasa huyohuyo.